Bamvua na Maji Mafu: Hospitali ya Jamii Inavyohimili Ukata

Mhadhara uliotolewa Kibuyuni, Kaunti ya Kwale

Mkutano huu umepangwa alasiri, maji yakiwa yamekwisha kujaa, ili asiwepo mama wa kuchagua baina ya kamba zake za mwani na mhadhara.

Lengo la mhadhara ni kueleza kwa nini hospitali inayotegemewa na jamii hukosa fedha hata wakati ambapo fedha hizo zimeshaidhinishwa, na ni mambo gani huifanya hospitali moja isimame huku nyingine ikilegea. Hoja ni tano. Hazitalingana kwa urefu, maana mambo yenyewe hayalingani kwa uzito.

Na mahali pa kulisemea jambo hili ni hapa hasa. Mgonjwa wa Kibuyuni anayehitaji kupasuliwa hutoka hadi barabara ya Shimoni, akatokea Kanana kwenye barabara kuu ya Lunga Lunga, kisha akaelekea Msambweni kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti. Safari hiyo ina nauli, na ina saa zake. Akifika akakuta dawa hakuna, hasara ni yake mara mbili.

Hoja ya kwanza: hospitali ya umma haina mfuko mmoja. Ina mifuko minne, na kila mmoja una mwenye ufunguo wake.

Mfuko wa mishahara uko mikononi mwa kaunti. Katiba ya 2010 iligatua huduma za afya, na tangu 2013 kaunti zote 47 ndizo zinazoajiri wauguzi na kuendesha hospitali zake. Mfuko wa dawa kwa sehemu kubwa hupitia KEMSA, shirika la serikali la ununuzi na usambazaji wa dawa. Kaunti huagiza na kulipa, na deni likirundikana shehena huchelewa. Mfuko wa tatu ni wa bima. Wa nne ni fedha zinazolipwa dirishani, siku hizi nyingi kwa M-Pesa: kadi, maabara, eksirei, kitanda.

Huu wa nne si lazima uwe mkubwa, lakini ndio unaoingia kila siku. Hebu fikirieni Ijumaa jioni katika wodi ya kujifungulia ya hospitali yoyote ya kaunti. Boksi la glavu limebaki moja. Shehena ya dawa inatarajiwa wiki ijayo. Malipo ya bima yamo kwenye foleni Nairobi. Muuguzi wa zamu anaandika kinachohitajika na idadi yake, anampelekea msimamizi, naye anampigia simu mhasibu. Ikiwa hospitali ina ruhusa ya kutumia ilichokusanya wiki hiyo, glavu zitapatikana mjini Ukunda kabla ya Isha. Ikiwa haina, ndugu wa mzazi atapewa kikaratasi akatafute kemisti. Kila aliyeuguza mtu anakijua kikaratasi hicho. Ukata wa hospitali huonekana hapo kabla haujaonekana kwenye vitabu vya hesabu, na anayeulipia ni yule aliyekuja akiwa amejibana kupata nauli.

Wazee wetu wameyaona mengi katika mambo ya ada. Mwaka 1965 serikali ilifuta malipo kwa wagonjwa wasiolazwa. Desemba 1989 ada zikarudi kwa jina la kuchangia gharama. Mwaka uliofuata zikasimamishwa kwa wasiolazwa, kwa kuwa watu waliacha kwenda hospitali, halafu zikarejeshwa hatua kwa hatua. Utaratibu wa wakati huo ulikuwa na jambo moja la kukumbukwa: robo tatu ya makusanyo ilitumika pale pale yalipokusanywa, na robo ilikwenda kwenye kinga na afya ya msingi ya wilaya. Mwaka 2004 ada ikawekwa shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya. Juni 2013 ikaondolewa kabisa kwenye ngazi hizo mbili, na kujifungua kukawa bure katika hospitali za umma.

Hatua za kufuta ada zilikuwa za haki, na mhadhara huu unazitetea. Mama hapaswi kujifungulia njiani kwa kukosa pesa. Ila kila ada ilipofutwa, mfuko wa kila siku ulikauka kabla ya mwingine kujazwa. Kina mama wa mwani wanalielewa hili kuliko mhasibu yeyote. Wao hufuata bamvua, maji yanapokupwa mbali na shamba likabaki wazi. Siku za maji mafu, shamba halifikiki vizuri na mtu hula akiba. Hospitali nayo ina bamvua na maji mafu yake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na kaunti mara nyingi hukaa zikisubiri mgao wa Hazina ya Taifa. Wagonjwa hawausubiri mgao. Malaria haijui Julai.

Hoja ya pili: fedha zikiufikia mlango wa hospitali au zahanati, zinafanya kazi zaidi kuliko zikikwama ofisini kwa wakubwa. Ushahidi wa jambo hili haukutoka ng'ambo. Ulitoka Kwale.

Mwaka 2005, baada ya ada kupunguzwa hadi shilingi 10 na 20, mkoa wa Pwani wa wakati huo ulifanyiwa jaribio. Kwa msaada wa Danida, shirika la maendeleo la Denmark, fedha zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila zahanati na kituo cha afya. Hazikupita kwa ofisi ya wilaya. Kamati ya kituo, ambamo wanakijiji hukaa pamoja na mkuu wa kituo, ilipanga matumizi na kutia saini. Watafiti wakaja kuangalia yaliyotokea katika wilaya mbili, Kwale na Tana River, na matokeo yao yakachapishwa 2010.

Fungu kubwa zaidi la fedha lililipa watu wa kazi ambazo hazitajwi redioni: mfagizi, mlinzi, msaidizi wa wagonjwa. Jingine lilikwenda kwenye ukarabati, na jingine kwenye safari, kupeleka chanjo vijijini na kumkimbiza mgonjwa hospitali kubwa. Wauguzi na wanakamati walisema hali ya vituo imekuwa bora na wagonjwa wameongezeka. Mtu anaweza kuuliza, mfagizi anaponya nini? Pasipo mfagizi, muuguzi mmoja aliyepo hushika fagio asubuhi kabla ya kushika sindano, na foleni ya nje inamngoja amalize. Mshahara mdogo wa mfagizi hununua muda wa muuguzi kila siku.

Watafiti hao hao waliona upungufu, nao lazima usemwe hapa mbele ya watu. Wanakijiji wengi hawakujua kwamba fedha zimekuja. Na vituo vingi bado vilitoza zaidi ya zile shilingi 10 na 20. Kamati inayojua hesabu bila kijiji kujua imefanya nusu ya kazi.

Mpango ule wa Pwani ndio uliofungua njia ya mfuko wa kitaifa wa huduma za afya, ulioanza kupeleka fedha vituoni 2010. Kisha ukaja ugatuzi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ilitaka mapato ya kaunti yaingie kwenye mfuko mkuu wa kaunti. Nia ilikuwa njema, kuzuia wizi. Lakini katika kaunti nyingi hospitali zilizokuwa zimezoea kutumia makusanyo yake zikajikuta zinayapeleka yote makao makuu, halafu zinaomba kwa barua. Msimamizi wa hospitali akawa ni mtu wa kuomba ruhusa ya kununua balbu.

Bunge lililitambua kosa hilo. Oktoba 2023 ilipitishwa Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya, inayoziruhusu hospitali na vituo vya umma kubakiza na kutumia mapato yake, yakiwa nyongeza juu ya bajeti ya kaunti. Neno nyongeza ni zito. Kaunti haikuruhusiwa kusema, mmekusanya wenyewe, basi tunawapunguzia. Mwanakamati yeyote aliyeko hapa ana haki ya kuuliza mambo mawili katika kikao kijacho: tumekusanya kiasi gani robo hii, na kimebaki kwetu kiasi gani?

Hoja ya tatu ni bima, nayo inagusa kila nyumba.

Bima ya taifa, NHIF, ilianzishwa 1966 na ikadumu hadi 2024. Tarehe 1 Oktoba 2024 nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake yote. Asiye na mshahara hupimwa hali ya nyumba yake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, kwa nyumba nzima. Zahanati na vituo vya afya hulipwa kutoka mfuko wa afya ya msingi unaojazwa na serikali, ndiyo maana mgonjwa aliyejisajili hatakiwi kulipa huko. Hospitali kubwa hulipwa kutoka mfuko wa michango. Mfuko wa tatu wa SHA ni wa dharura na maradhi sugu.

NHIF iliondoka ikiacha hospitali zinaidai zaidi ya shilingi bilioni 30. Hospitali iliyomhudumia mgonjwa, ikampa dawa na chakula, ikalipa stima ya chumba cha upasuaji, na haijalipwa, imekopesha bila kutaka. Nayo hukopa kwa mwenye duka la vifaa, na kila mtu anajua bei ya deni si bei ya taslimu. Gharama ya kuchelewa inaingia ndani ya bei ya drip. Hakuna anayeiona kwenye risiti, lakini ipo.

Hata hivyo, si kila shilingi inayopotea imepotelea Nairobi. Nyingine hupotea ndani ya hospitali yenyewe, katika chumba kimoja kidogo chenye kompyuta na mafaili, anapokaa karani wa madai. Mama amejifungua kwa upasuaji. Bima inalipa shilingi 30,000. Angejifungua kwa kawaida ingelipa 10,000. Ili zije, mama lazima awe amethibitishwa kwenye mfumo, maelezo ya daktari yawe kamili, muhtasari wa kuruhusiwa uwepo, na tarehe zilingane. Daktari alimaliza zamu saa nane za usiku akasahau kuandika mstari mmoja. Mama ameshakwenda kwao. Dai linarudishwa. Karani anaanza kumtafuta daktari, ambaye wiki hiyo yuko likizo. Mafaili kumi ya namna hiyo ni shilingi 300,000, na hospitali yenye ukata haina namna ya kuzikosa 300,000 ikawa salama.

Kwa hiyo hospitali inayotaka kupona ukata haianzi kwa kupandisha ada. Inaanza kwa kumpa karani msaidizi, na kwa kila daktari kukagua mafaili yake kabla hajavua koti. Ni kazi isiyo na sherehe, na hakuna mwanasiasa atakayekuja kuikatia utepe. Inalipa mapema kuliko jengo jipya.

Hoja ya nne ni fupi: ukata hauhalalishi kumshika mgonjwa rehani. Septemba 2015 Mahakama Kuu Nairobi iliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa baada ya kujifungua kwa sababu ya bili, ikasema kuwazuia namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Ibara ya 43 ya Katiba yenyewe inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Jambo hili lina uso wa kibinadamu kwanza, lakini lina hesabu pia. Mgonjwa aliyezuiliwa anashika kitanda, anakula, na bili inazidi kukua ilhali uwezo wake haukui. Hospitali inayofikiri vizuri huwa na afisa wa ustawi wa jamii anayeonana na familia siku ya kwanza ya kulazwa, si siku ya kuruhusiwa, akajua nani ana bima, nani anaweza kuandikishwa, na nani hana kitu kabisa. Msamaha unaopangwa mapema huingia kwenye bajeti. Wa ghafla huitoboa.

Na jambo la kinga, ambalo nalo huipunguzia hospitali gharama, litajwe kwa upesi, maana wahudumu wa afya wa jamii waliomo humu wanalijua kuliko mhadhiri. Nchi hii ya Kwale imechunguzwa kwa miaka mingi kuhusu kichocho, hasa upande wa Msambweni, na pwani yetu imebeba mzigo wa matende na mabusha. Kidonge cha kichocho anachomeza mtoto shuleni kinaiepusha hospitali na kibofu kilichoharibika miaka 20 baadaye.

Hoja ya tano, ambayo ndiyo iliyouleta mhadhara huu Kibuyuni: watu huweza kulipia hospitali pale wanapolipa wakiwa wazima, kwa pamoja, na katika msimu wao wa kuwa na pesa.

Kusini-magharibi mwa Uganda, katika wilaya ya Rukungiri, kuna hospitali ya kanisa iitwayo Kisiizi, iliyofunguliwa 1958 kando ya maporomoko ya maji. Ni milima, na zamani mgonjwa alibebwa na wanaume kwenye machela iliyosukwa, inayoitwa engozi. Kubeba mtu mteremko baada ya mteremko si kazi ya ndugu wawili, kwa hiyo kila kijiji kilikuwa na chama cha engozi: leo tunambeba wako, kesho mtambeba wangu, na akifa tunazika pamoja. Mwaka 1996 hospitali ilipoanzisha bima yake haikuunda vyama vipya. Iliwaendea watu wa engozi. Chama ndicho kilichoandikishwa, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya wanachama wajiunge kwa pamoja, ili wasije wagonjwa peke yao na wazima wakabaki nyumbani. Bima hiyo imedumu miaka mingi katika nchi ambayo haikuwa na bima ya taifa. Maporomoko nayo yakafungiwa mitambo, na hospitali ikajitengenezea umeme wake na kuwauzia majirani.

Kenya nayo ilijaribu yake. Kaunti ya Makueni ilianza 2016 kutoza kila nyumba shilingi 500 kwa mwaka, na familia ikatibiwa katika hospitali za kaunti. Watu walijiandikisha kwa wingi, kwa sababu kiasi kilieleweka na faida ilionekana. Shilingi 500 peke yake haziwezi kubeba gharama ya upasuaji, kwa hiyo kaunti ilipaswa kufidia sehemu kubwa. Penye kufidia pana kutegemea bajeti, na tunarudi tena kwenye maji mafu.

Sasa tuangalie hapa. Kibuyuni ina mwani, na wengi wa wakulima ni wanawake. Mbegu hufungwa kwenye kamba, kamba hukazwa kwenye vigingi, na baada ya wiki sita hivi mwani huwa tayari kuvunwa na kuanikwa. Maana yake pesa haiji kwa mwezi kama ya mwalimu. Inakuja mzigo unapouzwa. Kumwambia mkulima wa mwani alete shilingi 300 kila mwezi ni kumdai siku ambayo mfuko wake ni mtupu, na siku aliyouza hakuna anayemdai. Serikali ilianzisha mkopo wa Lipa SHA Pole Pole, ili mchango wa mwaka uweze kulipwa kidogo kidogo. Lakini chama cha ushirika cha wakulima wa mwani kinaweza kufanya hivyo bila mkopo. Mzigo ukiuzwa, na kwa idhini ya mwanachama mwenyewe iliyoandikwa, kiasi fulani kwa kila kilo kinawekwa kando kwenye akaunti ya afya. Mauzo manne au matano kwa mwaka yanaweza kuitimiza ile 3,600, na mama hajaombwa hata siku moja kutoa pesa aliyokwisha kuipangia unga.

Kuna atakayeuliza, na pesa hizo zitalindwa na nani? Swali ni la haki, na jibu liko jirani. Gazi, upande wa pili wa Msambweni, mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, umekuwa ukiuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, na mapato yakatumika kwa maji na shule za Gazi na Makongeni. Wanakijiji hukaa barazani wakaamua mradi gani utangulie. Akaunti ya afya ya mwani ingefaa isomwe hadharani namna hiyo, hesabu ikibandikwa ukutani kwa kalamu nzito, kwa Kiswahili, mahali ambapo hata asiyehudhuria vikao ataipita akienda kisimani.

Na kuhusu miaka ijayo. Desemba 2024 kampuni ya Base Titanium ilimaliza kuchimba madini hapa Kwale. Ajira zimeondoka, na nyumba zilizokuwa na kadi ya bima ya kazini sasa zinaingia katika kundi la wanaolipa wenyewe. Sheria ya Madini ya 2016 ilitenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii zilizo karibu na machimbo. Kila shilingi ya fungu hilo inayofika ikiwa bado haijapangiwa kazi, hospitali na zahanati ziwe na ombi lililoandikwa, lenye bei na idadi, badala ya malalamiko.

Kabla ya bamvua la mwezi ujao, mambo matatu yanawezekana hapa hapa bila kungoja mtu kutoka Nairobi. Ushirika uhesabu ni nyumba ngapi za wanachama zilizosajiliwa SHA na ngapi zimelipa. Wahudumu wa afya wa jamii wapite nyumba ambazo hazijasajiliwa, simu mkononi, waanze na zenye wajawazito. Na wawakilishi wawili, mmoja wa mwani na mmoja wa wavuvi, waombe kuonana na bodi ya hospitali Msambweni, waulize maswali yale mawili ya makusanyo, na waje kuwasomea majibu hapa.

Muda wa maswali umefika. Mama aliyenyoosha mkono pale karibu na mlango tangu tulipofika kwenye kikaratasi cha kemisti, na aanze yeye.